Mtaalamu Mbele ya Wapiga Kura: Kiswahili na Hoja za Uchumi Likasi

Wanaisimu walioshughulikia Kiswahili cha Katanga wameandika mengi kuhusu sarufi yake na maneno yake yenye asili ya Kifaransa. Machache yameandikwa juu ya kazi ambayo lugha hiyo hufanya raia wanapomjadili mgombea. Johannes Fabian ni miongoni mwa wachache: katika kitabu chake cha mwaka 1990 alionyesha jinsi kundi la Mufwankolo la Lubumbashi lilivyogeuza msemo kuhusu kula madaraka kuwa mchezo wa kuigiza. Mjadala wa uchumi, hata hivyo, umebaki pembeni, kana kwamba ni mali ya wenye shahada.

Mji wa Likasi unatupa sababu ya kulikataa wazo hilo. Mwaka 2003, kwa mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondolewa kazini katika Katanga nzima kwa jina la "départ volontaire", yaani kuondoka kwa hiari. Kampuni iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980 ilikuwa imeshuka chini ya tani 30,000. Hesabu za washauri pengine zilikuwa sahihi. Lakini jina walilolipa tendo lile linastahili kuhakikiwa kama tunavyohakiki majina ya wahusika katika riwaya. Hiari ya nani? Kwa familia zilizozoea kazi, posho, shule na hospitali za kampuni, swali hilo ni la semantiki na ni la uchumi kwa pamoja.

Uchaguzi wa Desemba 2023 uliwaletea wapiga kura aina mbili za ujuzi: Augustin Matata Ponyo, mchumi aliyekuwa Waziri Mkuu (2012–2016), na Moïse Katumbi, mfanyabiashara aliyekuwa gavana wa Katanga (2007–2015). Mwezi mmoja kabla ya kura, mchumi alijitoa akamuunga mkono mfanyabiashara. Aliyetangazwa mshindi ni Félix Tshisekedi. Mei 2025 Mahakama ya Katiba ilimhukumu Matata miaka 10 ya kazi ngumu kwa fedha za mradi wa kilimo wa Bukanga-Lonzo. Anayekumbuka bei zilivyotulia wakati wake na anayeukumbuka mradi huo wote wana ushahidi, na shahada haiwezi kuwaamulia.

Katiba ya 2006 inakifanya Kifaransa kuwa lugha rasmi na Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa. Kampeni nazo huelekea kufuata mgawanyo huo: salamu na ahadi kwa Kiswahili, takwimu kwa Kifaransa. Hapa sikubaliani na watetezi wa usanifishaji wanaodhani kwamba "uchumi" ukichukua nafasi ya "économie" tatizo limekwisha. Msamiati upo, mgombea ndiye hajalazimishwa kujieleza. Sheria ya madini iliyorekebishwa 2018 hugawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa mamlaka ya mahali penye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Raia wa Kikula au Panda akiuliza, "Ile kumi na tano iko wapi?", ametunga swali kamili kwa Kiswahili cha kwake. Akijibiwa kwa "redevance" na "rétrocession" tu, ameshapata kipimo cha mtaalamu aliye mbele yake. Wanafunzi wetu wanaokusanya matini za Katanga wangefanya vyema kurekodi swali pamoja na jibu lake.