Kura Moja ya 1784: Uhakiki wa Historia Mbadala ya Utumwa Magharibi mwa Marekani

Tarehe 19 Aprili 1784, Bunge la Kongresi la Marekani lilipigia kura kifungu kilichopendekezwa na Thomas Jefferson, kwamba baada ya mwaka 1800 pasiwe na utumwa katika maeneo yote ya magharibi. Yalihitajika majimbo 7, yakapatikana 6. Mjumbe mmoja wa New Jersey alikuwa mgonjwa, na kwa kukosekana kwake kura ya jimbo hilo haikuhesabiwa. Historia mbadala ya suala hili hupenda kuanzia kitandani mwa mgonjwa huyo: angalihudhuria, utumwa usingalivuka milima ya Appalachia, na vita vya 1861 visingalipiganwa.

Mhimili wa utanzu huu ni kiambishi -ngali-, ambacho hufunga sharti na tokeo kana kwamba katikati hamna kitu. Katikati mna mengi. Wajumbe wenzake Jefferson wa Virginia walimpinga. Kifungu chenyewe kiliacha miaka 16 ya kuendelea kuingiza watumwa. Zaidi ya hayo, North Carolina na Georgia zilikuwa bado hazijakabidhi ardhi zao za magharibi. North Carolina ilipokabidhi eneo ambalo sasa ni Tennessee, iliweka sharti kwamba Kongresi isitunge kanuni yenye mwelekeo wa kuwakomboa watumwa. Jimbo lenye nguvu ya kuweka sharti hilo lingaliweza pia kukataa kukabidhi.

Ajabu ni kwamba jaribio halisi lipo, na waandishi wa utanzu huu hulipita haraka. Sheria ya 1787 ilipiga marufuku utumwa kaskazini mwa mto Ohio, ingawa kifungu hichohicho kiliruhusu watoro kurudishwa kwa mabwana wao. Marufuku hayo hayakujitekeleza. Katika eneo la Indiana, sheria ya 1805 iliruhusu watumwa kuingizwa na kutia saini mikataba ya utumishi ya miaka mingi, mingine ikizidi umri wa binadamu. Katiba ya Illinois ya 1818 iliruhusu watumwa wa kukodi katika viwanda vya chumvi karibu na Shawneetown hadi 1825. Mwaka 1824 wapigakura wa Illinois waliamua, kwa kura 6,640 dhidi ya 4,972, kutoitisha mkutano wa katiba ambao ungeweza kuhalalisha utumwa.

Kasoro kubwa zaidi ya masimulizi ya kura moja ni kwamba watumwa hawatendi lolote ndani yake. Husubiri tu mjumbe apone. Hata Washawnee na Wamiami, ambao ardhi hiyo ilikuwa yao, hawatajwi. Huko Illinois, Joseph Jarrot, mzawa wa watumwa wa walowezi Wafaransa, alimshtaki aliyemmiliki akidai ujira wa kazi yake. Mahakama Kuu ya jimbo ilimpa haki mwaka 1845, miaka 58 baada ya marufuku.