Picha za kolasio zetu: nani anakula mwanga?

Kolasio zimepita, na ukurasa wetu umejaa picha: toga nyeusi, maua, mama amevaa kitenge kipya, papa na koti lake la siku kuu. Pongezi kwa wote. Lakini nimezitazama picha hizo moja moja, taratibu, na kuna kitu nataka kukikosoa bila kumtaja mtu: mwanga.

Fungua tena picha yako ya ndani ya ukumbi, ile mliyosimama jamaa nzima. Wewe uko mbele, uso unang'aa kama umepakwa unga wa muhogo. Toga imekuwa shimo jeusi, hata mikunjo yake haionekani. Mama aliye nyuma ya bega lako anaonekana nusu. Mashangazi ni vivuli. Ukuta wa nyuma hakuna kabisa. Ukumbi ulikuwa na taa, dekorasio ililipiwa dola, watu walijaa hadi mlangoni, ila kwenye picha mnaonekana watu sita waliopotea ndani ya pango.

Wengi wanasema kamera ni mbaya. Mimi naona kamera nyingi za mji huu zinatosha kabisa, hata zile za mitumba zinazotoka Kampala kupitia Mahagi. Shida iko juu ya kamera, kwenye flashi, na zaidi kwenye namna tunavyoichagua. Uliza kijana anayeanza kazi ya picha hapa Bunia atanunua flashi gani, atakujibu: "Ile iko na nguvu." Anayemuuzia naye anamwonyesha namba kubwa kwenye boksi, biashara imekwisha.

Sasa tuangalie hiyo nguvu. Mwanga wa flashi unapungua vibaya kwa umbali. Ukiongeza umbali mara mbili, mwanga haubaki nusu, unabaki robo. Aliyesimama mita 2 kutoka kwenye flashi anapata mara 4 ya aliye mita 4, na ukuta ulio mita 8 unapata sehemu 1 kwa 16 tu. Ndiyo maana wewe ni unga na shangazi ni kivuli. Kununua flashi yenye nguvu zaidi hakutibu hilo hata kidogo, kwa sababu wote wanaongezewa kwa kipimo kimoja na tofauti inabaki pale pale. Aliye mbele anakula, aliye nyuma analamba sahani. Sisi wa agronomia tunalijua jambo hili kwenye kitalu. Ukimwaga ndoo nzima kwa mkupuo kwenye mstari wa kwanza, miche ya pale inalala chini na mstari wa mwisho unakauka. Hapo hakuna anayetafuta ndoo kubwa zaidi. Unatafuta aruzwari, chombo chenye matundu, maji yanyunyike kutoka juu.

Aruzwari ya mpiga picha ni plafo. Unageuza kichwa cha flashi, unakielekeza juu na nyuma kidogo, mwanga unagonga dari na kudunda kama mpira ukutani. Dari yenyewe sasa ndiyo taa, taa kubwa kama meza au zaidi, na iko karibu umbali mmoja na aliye mbele na aliye nyuma. Kivuli kikali nyuma ya shingo kinalainika. Jasho la paji la uso haliwaki tena kama kioo. Ngozi yetu, ambayo ina rangi nyingi ndani yake, nyekundu, kahawa, hata bluu kidogo kwa wengine, inarudisha rangi zake.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani ni hili: kichwa kinageuka? Kupanda juu peke yake hakutoshi. Kigeuke na pembeni, hadi nyuma. Kuna flashi ndogo za kampuni kubwa, kama Canon 270EX II au Nikon SB-400, ambazo kichwa chake kinapanda juu tu, hakizunguki pembeni. Ukishika kamera imelala, sawa. Ukiisimamisha ili upate mtu mzima kutoka kofia hadi kiatu (na nani anavaa toga asitake picha ya mtu mzima?), kichwa kile hakiwezi tena kutazama dari. Kinatazama ukuta wa pembeni, ambao katika ukumbi mkubwa uko mbali sana. Umenunua jina, umekosa shingo.

Ile namba kubwa ya kwenye boksi nayo inahitaji kusomwa kwa jicho la mkulima anayenunua mbegu. Inaitwa namba ya mwongozo. Ni umbali kwa mita ukizidishwa na namba ya tundu la lensi, kwa ISO 100. Sasa tazama: Canon 580EX II ilitangazwa 58, lakini hiyo 58 ni pale mwanga umebanwa kwenye mwali mwembamba wa lensi ya milimita 105. Ukiutawanya kwa milimita 24, pembe unayohitaji kwa picha ya jamaa nzima, inabaki 28. Godox na wengine wanaandika 60, wakipima kwa milimita 200. Si uongo. Ni kama kupima mavuno kwenye kona moja ya shamba iliyopata mbolea yote. Usilipe dola za ziada kwa sababu moja inasema 58 na nyingine 60.

Tena nguvu hiyo huihitaji kama unavyofikiri, na hapa ndipo wapiga picha wetu wengi wanajinyima wenyewe. Wanaacha ISO kwenye 100 au 200 kwa hofu ya chengachenga, halafu wanailazimisha flashi ifanye kazi yote peke yake. Panda hadi ISO 1600. Mwanga uleule sasa unafika mara 4 mbali zaidi. Chini ya plafo nyeupe ya mita 3, kwa tundu la f/4, robo ya nguvu ya flashi ya kawaida inatosha kwa jamaa iliyosimama mita chache mbele yako, hata baada ya dari kula sehemu yake. Ukishusha na kasi ya kamera hadi 1/60, taa za ukumbi nazo zinaanza kuingia kwenye picha, ukuta unarudi, dekorasio iliyolipiwa dola inarudi. Chenga kidogo za ISO 1600 hakuna mama atakayezihesabu.

Najua mtakachoniambia: "Bro, hiyo plafo nyeupe unaiona wapi?" Ni kweli. Kumbi zetu si za kwenye video za YouTube. Nyingine ni mabati matupu, na mwanga ukienda juu unapotelea kwenye mbao. Nyingine ni bashi la bluu, basi sura zote zinatoka za bluu kama wagonjwa. Siku ya harusi wanafunga vitambaa vya zambarau na dhahabu dari nzima, na mwanga unarudi na rangi ile ile uliyogonga. Makanisa mengine paa liko juu kiasi kwamba hata flashi ya dola mia tatu inapiga mbingu tu. Lakini jibu bado liko kwenye shingo ile ile inayogeuka. Mahali pasipo na dari, tafuta ukuta mweupe nyuma yako au ubavuni mwako, geuza kichwa huko. Pasipo na ukuta, mpe kijana mmoja ashike shuka jeupe au kipande kikubwa cha frigoliti, ile inayofungia televisheni mpya. Inaonekana kama mchezo, lakini mwanga haujui bei ya kitu ulichogonga. Kile kikofia cha plastiki nyeupe ambacho wengi wanakivisha kwenye flashi, ukikitumia kwenye ukumbi usio na dari wala ukuta wa karibu, hakilainishi chochote. Ni kidogo karibu sawa na kichwa chenyewe. Kinakula betri tu.

Njia bora kuliko zote ni kuitoa flashi juu ya kamera, msaidizi aishike pembeni, juu, ndani ya mwavuli mweupe, iwashwe kwa redio. Godox TT600 na Yongnuo YN560 IV zina redio ndani yake, unaongeza kifaa kidogo juu ya kamera. Zote ni flashi za kupanga kwa mkono, na TT600 huko nje inauzwa chini ya dola 100. Ningemshauri anayeanza achukue ya aina hiyo na mwavuli kabla ya kufikiria flashi ya bei inayojipima yenyewe, ile wanaita TTL.

TTL si mbaya. Fotografa anayekimbizana na bibi harusi kutoka mlangoni hadi altareni anaihitaji, hana nafasi ya kupima. Lakini ujue inavyofikiri. Kamera inaamini kila kitu duniani, kwa wastani, ni kijivu. Ukiipa kundi la toga nyeusi, inasema: giza, ongeza mwanga. Nyuso zinaungua. Ukiipa gauni jeupe la bibi harusi limejaa picha, inasema: mwanga umezidi, punguza. Gauni linakuwa kijivu, na uso wa bibi harusi unazama. Halafu mtu anakaa usiku kwenye kompyuta kumng'arisha, na hapo ndipo tunapata wale maharusi wenye ngozi ya rangi ambayo hakuna mtu wa Ituri aliyezaliwa nayo. Kwa jamaa iliyosimama mahali pamoja, umbali haubadiliki. Panga kwa mkono mara moja, piga jamaa ishirini.

Kuna wanaosema flashi ya usoni ni dhambi kabisa. Hapo sikubali. Jean Depara, aliyezaliwa Angola mwaka 1928 na kufanya kazi Kinshasa, mpaka akawa mpiga picha wa Franco, alipiga usiku wa mabaa kwa flashi, na picha zake bado zina joto. Malick Sidibé wa Bamako alifanya hivyo hivyo; ile "Nuit de Noël" ya 1963, vijana wawili wanacheza, vichwa karibu vigusane, inajulikana dunia nzima. Lakini tazama walichopiga: watu wawili watatu, karibu, na usiku nyuma yao ni sehemu ya habari. Giza walilitaka. Kwenye kolasio hakuna anayelitaka giza. Aliye gizani ni mtu aliyelipa minervali kwa miaka mitano.

Na kuna upande mwingine wa nguvu ya flashi ambao lisansie anapaswa kuujua. Kamera ya Polaroid ID-2 ilikuwa na kitufe cha kuongeza nguvu ya flashi. Ilitumika Afrika Kusini, wakati wa ubaguzi wa rangi, kupiga picha za pasi ambazo watu weusi walilazimishwa kutembea nazo. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa kampuni hiyo huko Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, walianza kupinga, na mwaka 1977 kampuni ikaondoka nchi ile. Sisemi fotografa wetu ni polisi wa pasi. Nasema mwanga mkali wa usoni ulishawahi kutumika kumsajili mtu mweusi, uso wake usomeke tu, basi. Picha ya kolasio inatafuta kitu kingine.

Tena tuko Ituri. Jamaa ngapi kati yetu zilikimbia Djugu au Irumu na kuacha albamu ndani ya nyumba iliyochomwa? Kuna watu wa rika letu ambao hawana hata picha moja ya bibi yao. Picha ya ukumbini siku ya kolasio, mara nyingi, ndiyo siku pekee jamaa nzima imesimama pamoja mbele ya lensi, waliotoka Mahagi, waliotoka Aru, na wale wa kambini. Miaka kumi baadaye, wewe wa mbele utakuwa na picha zako elfu kwenye simu. Yule wa nyuma, ambaye flashi haikumfikia, huenda hana nyingine.

Basi kwa anayekwenda kununua, mambo machache ya mwisho. Zungusha kichwa mwenyewe mbele ya muuzaji, juu, kushoto, kulia, nyuma, usikie kama kinashika au kinalegea. Piga mara kumi mfululizo kwa robo ya nguvu uone inavyopumua. Usiitie betri zile za tochi na redio. Hazina nguvu ya kuirudishia flashi pumzi. Chukua za kuchajiwa za NiMH, nane kama unaweza, nne ndani na nne mfukoni, na uzichaji usiku ule courant iko. Na kama mjomba anakupa bure flashi yake ya enzi za filimu, mshukuru, lakini usiifunge kwenye kamera ya dijitali kabla ya fundi kupima volti za mguu wake. Baadhi ya zile za zamani, kama Vivitar 283 za mwanzo, zinatoa zaidi ya volti 200 pale chini, na kamera inaweza kuungua mara moja.