Maji Kwenye Haidroliki: Anza na Raba ya Gia

Kuna Massey Ferguson 290 inasifiwa sana huku Kilombero kwa sababu imetoka gereji na oili inayong'aa kwenye stiki. Inaniudhi. Oili mpya lazima ing'ae, hata kama aliyeimimina hajui kitu.

Kwenye Massey ya aina hii, haidroliki, giaboksi na difu vinatumia oili moja, na pampu imezama humo humo. Maji yakiingia, oili inageuka rangi ya chai ya maziwa, jembe linapanda kwa kustukastuka, pampu inalia. Hayo kila dereva anayajua. Wasichokitazama ni raba ya mkono wa gia.

Ipo miguuni mwa dereva, imefunikwa tope, na ukiitazama juu juu utasema ni nzima. Ifute kwanza. Kisha ingiza gia, mkono ulale mbele kabisa, halafu inama utazame upande wa nyuma wa raba, pale shingoni panapobana. Nyufa ziko pale, nyembamba, na kwenye nyutro huwa zimefumba. Ndiyo maana fundi wa haraka hazioni. Sasa fikiria trekta iliyoegeshwa ikiwa na gia ili isibingirike, masika yote: kila mvua inateremka na ule mkono hadi ndani. Kijana wa kuosha naye akielekeza mpira wa presha hapo, amemaliza kazi. Mkono wa hai na lo una raba yake. Nayo ikaguliwe hivyo hivyo.

Nilipokuwa kijana nilimwona mzee mmoja, fundi wa mashamba ya mpunga, ambaye hakugusa stiki kabla ya raba. Akipata ufa, trekta inalala bila kuwashwa. Alfajiri analegeza nati ya difu kwa spana ya ringi, polepole, bila kuitoa, na kukinga chupa ya kioo. Yanatangulia maji, maana ni mazito kuliko oili na yameshuka usiku kucha. Yakikatika anafunga, anawasha, anapandisha na kushusha jembe mpaka oili ipate moto, ndipo anamwaga yote, difu na giaboksi, kwa sababu maji yaliyokwisha kuchanganyika na oili hayashuki hata ukisubiri. Filta mpya. Oili ya kwanza ni ya kuoshea tu. Inafanya kazi siku moja, inamwagwa. Ya pili anaijaribu kwa tone moja juu ya bati la moto. Likipasukapasuka, maji bado yamo.

Kuna tapeli aliyekuwa akichemsha oili chafu kwenye sufuria mpaka maji yaishe, anairudisha na kutoza bei ya oili mpya. Kutu na tope vilirudi nayo. Wengine hufungua nati ya difu peke yake. Wiki moja majarubani, weupe umerudi.

Zamani trekta zililala bandani, na raba ya akiba ilikaa kwenye sanduku la spea pamoja na pini za jembe. Leo zinalala uwanjani, raba imefungwa kipande cha tyubu ya baiskeli, ambacho kikilowa oili kinavimba na kulegea. Fundi anayefunga tyubu asiguse haidroliki ya mtu.

Ukienda kuchukua trekta yako, achana na stiki. Omba raba ya zamani, uishike, uikunje. Kama fundi hana ya kukuonyesha, usimlipe bado.