Taffanel Alivyobadili Filimbi kwa Kubadili Mtihani

Paul Taffanel alipokabidhiwa darasa la filimbi katika Conservatoire ya Paris, chuo cha muziki, mwaka 1893, chombo chenyewe hakikuwa na kasoro. Filimbi ya Theobald Boehm, yenye matundu mapana yanayofungwa kwa vifuniko, ilikubaliwa pale tangu 1860, mwaka uleule yeye, kijana wa Bordeaux, alipopata tuzo ya kwanza. Kilichochakaa ni muziki wa kupuliza. Kwa miaka mingi watahiniwa walipewa tungo za walimu wa hapohapo, akiwamo Jean-Louis Tulou, mpinzani mkubwa wa filimbi hiyo ya Boehm. Ni tungo za mbwembwe: vidole vinakimbia, sauti haipimwi.

Ugonjwa huo Taffanel aliujua vizuri, maana naye aliwahi kutunga fantasia za kupamba nyimbo za opera. Kazi yake bora ni nyingine kabisa, kwinteti ya vyombo vya kupulizwa ya 1876.

Hakuandika waraka wa kulalamika. Aliugusa mtihani. Mwaka 1898 Gabriel Fauré, aliyekuwa akifundisha utunzi palepale, aliandika Fantaisie kwa ombi lake, kwa ajili ya shindano la mwisho wa mwaka, ndio mtihani wenyewe. Utazame utunzi huo ulivyopangwa. Unaanza polepole, misemo mirefu, pumzi inatakiwa itoshe na kila noti iwe na rangi yake. Hapo hakuna kasi ya kufichia sauti nyembamba. Ndipo inakuja allegro, sehemu ya kasi, na vidole navyo vinaulizwa. Mpangilio huo wa pole kisha kasi ukashika mizizi: mtunzi Enescu aliufuata 1904, na Gaubert, mwanafunzi wa Taffanel mwenyewe, 1906. Mtunzi Chaminade alishatoa Concertino yake kwa mtihani huohuo 1902. Kwa maoni yangu hii ndiyo kazi kubwa ya Taffanel, kuliko chochote alichotunga: aliwafanya watunzi wazito waiandikie filimbi, na wanafunzi wakalazimika kujifunza kuimba kwa pumzi, kwa kuwa ndicho kilichotahiniwa.

Vidole hakuvisahau. Katika mazoezi 17 ya kila siku yaliyomo kwenye kitabu chake cha mafunzo, zoezi la kwanza linatumia noti tano tu zinazofuatana, kisha mchoro uleule unapandishwa nusu toni, tena na tena. Ufunguo mgumu haukwepeki. Taffanel alifariki 1908 kabla hajakimaliza kitabu. Gaubert alikikamilisha, kikachapishwa 1923.

Mwanafunzi mwingine wa Taffanel, Georges Barrère, alihamia New York 1905 akafundisha huko. Mpuliza filimbi Marcel Moyse naye alipita darasani mwa Taffanel.

Ukiipata Fantaisie ya Fauré, msomaji, usikimbilie allegro. Sikiliza ule mwanzo wa polepole, uangalie mpulizaji anavuta pumzi wapi.