Jicho la Asiyekuwepo

Kwa Kiswahili picha hupigwa, kama ngoma, na tangu simu zianze kupiga picha tumebaki na kitenzi hicho kimoja tu. Zamani kilikuwa na wenzake. Mkanda ulipokwisha ulipelekwa studio kusafishwa, na mwenye picha alingoja siku kadhaa kabla ya kujua zipi zimetoka na zipi zimeungua. Kupiga, kusafisha, kutoka: lugha ilishajua kwamba kazi ya picha haiishi pale kidole kinapobonyeza. Siku hizi ujuzi huo hauonekani sana kwenye harusi wala kwenye simu zetu, ila haujafa. Umehifadhiwa mahali ambapo wengi hupacheka, kwenye klabu za wapigapicha wa ridhaa, ambako mwalimu mstaafu, nesi na mhasibu hukutana jioni kushindanisha picha ambazo hakuna aliyewatuma wala kuwalipa kuzipiga. Nataka kuzitetea klabu hizo kwa hoja moja. Picha inayoshinda ni kazi ya mtu aliyefaulu kuitazama picha yake mwenyewe kwa jicho la mtu ambaye hakuwepo ilipopigwa, na sijaona shule ya jicho hilo inayolishinda shindano la klabu.

Utaratibu wenyewe ni wa kawaida kabisa. Uingereza, ambako chama kilichokuja kuitwa Royal Photographic Society kilianzishwa mwaka 1853, klabu hizi ziko hadi kwenye miji midogo. Jaji hualikwa kutoka nje, mara nyingi kutoka klabu jirani, ili asiwe na rafiki wala hasimu ukumbini. Picha iliyochapwa hubandikwa kwenye kadibodi ngumu, aghalabu ya sentimita 50 kwa 40, kisha husimamishwa chini ya taa. Husomwa jina la picha tu. Aliyeipiga hatajwi. Jaji huisogelea, hurudi nyuma, husema analoliona, kisha hutoa alama, katika klabu nyingi kati ya 20, na zile zilizomvuta huziweka kando ili azirudie mwishoni. Muda wote huo mwenye picha amekaa palepale kwenye viti, mdomo umefungwa. Haruhusiwi kusimama na kueleza kwamba alipanda mlima saa kumi usiku, kwamba yule mzee pichani ni babu yake, kwamba dakika moja kabla jua lilikuwa zuri zaidi. Kimya hicho, kwa maoni yangu, ndicho kiini cha shughuli nzima. Alama ni chumvi tu.

Tuchukue picha ya mvuvi anayerusha wavu asubuhi, maji yakiwa kama kioo. Wavu umefunguka hewani, matone yanang'aa, mgongo wa mvuvi umepinda kama upinde. Mpigaji aliuona wavu ukifunguka, akabonyeza, moyo ukamdunda. Jaji anapoitazama, kitu cha kwanza anachokiona ni kidumu cha njano kilichoachwa mchangani, kona ya chini kushoto. Hana ubaya na kidumu. Jicho la binadamu hukimbilia palipong'aa zaidi na penye rangi kali zaidi, na kidumu kimeushinda wavu kwa yote mawili. Mpigaji hakukiona kwa sababu akili yake ilikuwa imeshamfutia, kama tunavyofutiwa kelele za feni tukiwa na mazungumzo matamu. Kamera haifuti kitu. Huchukua wavu na kidumu kwa heshima sawa. Aliyekuwepo anakumbuka wavu. Asiyekuwepo anaona kidumu. Ufundi wa picha, ukiuvua mapambo yote, ni kuziba pengo kati ya watu hao wawili.

Ushahidi mzuri kuliko wote ninaoujua unatoka kwa mtu aliyeanza kwenye mashindano ya ridhaa na kuishia kwenye makumbusho. Mwaka 1887 Alfred Stieglitz, Mmarekani aliyekuwa akisoma Ujerumani, alipeleka picha kwenye shindano la jarida la London liitwalo Amateur Photographer. Jaji, Peter Henry Emerson, akaipa nafasi ya kwanza picha ya watoto wa Italia wakicheka. Miaka sita baadaye, tarehe 22 Februari 1893, akiwa amerudi New York, Stieglitz alisimama kwenye Fifth Avenue katikati ya dhoruba ya theluji kwa muda wa saa tatu, akingoja. Alichokipata ni gari la farasi likija mbele kupitia ukungu wa theluji, magurudumu ya waliotangulia yakiwa yamechora mifereji mirefu inayomleta mtazamaji moja kwa moja hadi kwa farasi. Lakini saa tatu hizo ni nusu ya hadithi. Miaka michache baadaye alieleza waziwazi namna anavyofanya kazi. Kwanza huchagua mahali, huchunguza mistari na mwanga wake, kisha hungoja wapita njia wajipange mpaka jicho litosheke. Na negativu zake za kamera ya mkononi, alisema, huzipiga akijua kwamba atazikuza, na ni nadra kutumia zaidi ya sehemu tu ya kila moja. Picha ya Fifth Avenue tunayoijua leo ni kipande kilichokatwa kutoka kwenye negativu pana zaidi. Tazama mpangilio huo. Anachagua kabla, anangoja, kisha anakata. Kubonyeza, tendo ambalo lugha yetu ya leo imelipa sifa zote, hakujachukua hata sekunde moja ya saa hizo tatu.

Hapo ndipo wapinzani wa klabu wanapodakia, na pingamizi lao la kwanza ni zito. Wanasema mashindano huzaa picha zinazofanana. Jaji mmoja anapenda kanuni ya theluthi, mwingine hataki kuona vitu viwili bali vitatu, wa tatu hawezi kulala kona ikiwa nyeupe. Wanachama wakishazijua tabia hizo, wanapika chakula cha majaji. Ni kweli, na atakayebisha hajahudhuria. Historia yenyewe inawapa nguvu. Stieglitz alipowaonyesha wenzake wa chama cha ridhaa cha New York negativu ile ya theluji, waliicheka kwa kuwa haikuwa kali, wakamshauri aitupe. Emerson naye, jaji aliyempa ushindi wa kwanza, mwaka 1889 alitoa kitabu kizima cha kufundisha kwamba picha ni sanaa yenye kanuni zake, na baada ya takriban miaka miwili akachapisha kijitabu chenye ukingo mweusi, kama tangazo la msiba, akiizika imani yake mwenyewe. Basi jaji ni mtu wa kuaminiwa? Jibu langu ni kwamba maneno ya jaji yana sehemu mbili, na wengi huzichanganya. Anapotamka picha hii ni bora kuliko ile, anaweza kukosea vibaya sana, na kesho akabadili mawazo. Anaposema, jicho langu limekwenda kwenye kidumu, hakosei, kwa sababu anatoa taarifa ya jicho lake. Wale wa New York walikosea kuhusu thamani ya ukungu. Hawakukosea kwamba ukungu upo. Stieglitz aliisikia taarifa, akaipima, akaamua kwamba ukungu ndio alioufuata barabarani. Mwanachama mwenye akili hurudi nyumbani na taarifa, alama akaziacha ukumbini. Asiyeweza kutenganisha hivyo viwili kweli ataishia kupika chakula cha majaji, lakini mtu huyo angepika chakula cha mtu mwingine hata kama klabu zisingekuwepo.

Pingamizi la pili ni la udanganyifu. Kama picha inakatwa, inatiwa giza hapa na mwanga pale, mshindi si bingwa wa kompyuta tu? Ansel Adams aliipiga picha yake ya mwezi juu ya kijiji cha Hernandez mwaka 1941, kisha kwa miongo kadhaa akawa anaichapa upya katika chumba cha giza, na kadiri miaka ilivyopita ndivyo alivyolitia anga weusi zaidi mpaka mawingu membamba ya juu yakamezwa. Hakuna anayemwita tapeli. Mpaka upo, hata hivyo, na walioufikiria kwa makini zaidi ni hawahawa watu wa mashindano. FIAP, shirikisho la kimataifa la sanaa ya picha, pamoja na vyama vikubwa vya Marekani na Uingereza, wamekubaliana kuhusu picha za viumbe wa asili kwamba kukata kingo na kurekebisha mwanga ni halali, lakini kuongeza, kuhamisha au kufuta kitu ndani ya picha ni marufuku. Tawi likiwa ukingoni, likate. Likipita mbele ya jicho la chui, imekula kwako. Tena uongo mkubwa haukai kwenye kompyuta. Mwaka 2009 picha ya mbwa mwitu akiruka lango usiku ilishinda shindano la Wildlife Photographer of the Year, na mwanzoni mwa mwaka uliofuata ikanyang'anywa ushindi kwa kuwa majaji waliona yaelekea mnyama yule alikuwa wa kufugwa. Mpigaji alikana. Majaji hawakudai kwamba picha imechezewa kwenye kompyuta. Tuhuma ilikuwa juu ya yaliyofanyika kabla ya kubonyeza.

Pingamizi la gharama nitalipitia haraka, maana linajijibu. Kamera nzuri inasaidia, lenzi ndefu inasaidia zaidi, na mwenye pesa atampiga ndege aliye mbali kuliko asiye nazo. Lakini picha ile ya Stieglitz ya theluji ilipigwa kwa kamera ya mkononi ya kuazima, chombo ambacho wapigapicha makini wa wakati ule walikiona cha kuchezea. Na kidumu hakijali bei ya lenzi. Lenzi ya bei mbaya itakionyesha vizuri zaidi.

Pingamizi gumu ni la mwisho, na linaigonga hoja yangu mbavuni. Kama kinachoshinda ni picha inayomtosheleza mtu ambaye hakuwepo, kwa nini isishinde picha ambayo hakuna mtu yeyote aliyekuwepo? Imeshatokea. Mwaka 2023 Boris Eldagsen, msanii wa Ujerumani, aliingiza kazi iliyotengenezwa kwa akili mnemba kwenye Sony World Photography Awards, ikashinda kundi lake, naye akaikataa tuzo akisema hii si picha ya kupigwa na isishindane na za kupigwa. Mwaka uliofuata likatokea kinyume chake. Picha halisi ya flamingo aliyezamisha kichwa ndani ya manyoya yake, akawa kama mpira wenye miguu, ilipelekwa kwenye kundi la picha za akili mnemba la shindano jingine, ikapata tuzo, kisha ikaondolewa mpigaji alipofichua kwamba ndege yule ni wa kweli. Watu waliwacheka majaji mara zote mbili. Mimi naona visa hivyo vimenilazimisha kusema hoja yangu kwa ukamilifu zaidi. Jicho la asiyekuwepo peke yake halitoshi, kwa sababu linapima kilichofika tu. Ufundi uko katika kubeba, na kubeba kunahitaji mtu aliyekuwa na kitu cha kubeba: baridi ya Fifth Avenue, wavu uliofunguka, flamingo aliyejikuna tumbo wakati huohuo mtu akiwa na kamera mbele yake. Picha ya mashine inaweza kumtosheleza jaji, lakini haikupoteza kitu njiani, kwa kuwa haikutoka popote. Ukumbini, jaji akiisema kona yake, hakuna mtu kwenye viti anayekumbuka kitu kingine.

Na huyo anayekumbuka ndiye anayenivutia katika jambo hili lote. Amesikia habari ya kidumu mbele ya watu thelathini wasiojua kwamba ni chake. Usiku ule anaifungua picha tena, anafunika kona kwa kidole gumba, anatazama wavu unavyonenepa. Anaondoa kidole, kidumu kinarudi. Anafunika tena. Jumapili alfajiri yuko ufukweni, mvuvi yuleyule anajiandaa, na kabla hajainua kamera anateremsha macho mchangani, anazitazama pembe zote nne za kitu ambacho bado hakijawa picha, kisha anasogea hatua mbili kulia.