Siki Huja Mwisho: Namna Wacuba Wanavyounga Maharage Meusi

Sufuria yangu ya kwanza ya maharage meusi ya Kicuba ilikaa motoni kwa muda wa saa nne, na bado punje zilikuwa zinagoma mdomoni. Viungo vyote vilikuwemo. Kosa lilikuwa moja: niliona siki kwenye orodha, nikaimimina mapema pamoja na maji.

Wacuba hutia siki kweli kwenye frijoles negros, kama wanavyoyaita kwa Kihispania, lakini huitia mwisho. Sababu iko ndani ya punje. Kinachoshika chembechembe zake zisiachane ni pektini. Maji ya moto huilegeza kidogo kidogo hadi punje ikabonyea kati ya vidole. Asidi, iwe ya siki, ndimu au nyanya, huizuia isilegee. Magadi hufanya kinyume, ndiyo maana bibi zetu waliyapenda, ila yakizidi chungu kizima hunukia sabuni na vitamini B1 hupotea. Chumvi ndiyo inayosingiziwa bure. Haikazi punje, ukiitia kwenye maji ya kulowekea, hata ganda hulainika upesi zaidi.

Ukienda sokoni, angalia usiuziwe njahi. Zile nyeusi zenye mstari mweupe ubavuni, chakula cha heshima kwa Wakikuyu, ni mmea mwingine wenye ladha yake.

Loweka nusu kilo usiku kucha katika lita 2 za maji. Asubuhi wengi wetu tungeyamwaga maji yale. Wapishi wengi wa Cuba huyapikia, kwa sababu rangi ya ganda imeshaingia humo. Ukiyamwaga, mchuzi unapauka badala ya kuwa mweusi wa wino. Bandika pamoja na nusu hoho ya kijani, nusu kitunguu na jani moja kavu la laurel. Yaache yatokote kwa nguvu dakika 10 za mwanzo, maana punje mbichi ina sumu ya lektini ambayo moto wa uvuguvugu hauiondoi. Baada ya hapo punguza moto. Mwambao, saa moja na nusu huweza kutosha. Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo ongeza subira au tumia sufuria ya presha. Nchini Cuba chombo hicho ni cha kila siku. Tarehe 8 Machi 2005, katika hotuba ya Siku ya Wanawake, Fidel Castro alitangaza mpango wa kuzisambazia familia sufuria za presha kwa bei nafuu.

Sasa kuunga. Wao huita sofrito: vijiko 4 vya mafuta ya zeituni, kitunguu maji kimoja na hoho moja vilivyokatwa vidogo sana, na punje 5 za kitunguu saumu zilizotwangwa na chumvi. Moto uwe mdogo. Vinatakiwa vilainike, visigeuke kahawia. Mwishoni tia kijiko kimoja cha chai cha binzari nyembamba iliyosagwa na nusu yake ya oregano. Hakuna nyanya. Hakuna nazi pia, na nakiri mkono wangu ulikwishaanza kwenda wenyewe kwenye bakuli la tui.

Inayofuata ni hatua ambayo wenye haraka huiruka, nayo ndiyo inayotofautisha mchuzi na maji ya maharage. Chota upawa mmoja wa punje zilizoiva, mimina kwenye kikaango juu ya ile sofrito, ziponde kwa mgongo wa upawa mpaka upate uji mzito wa rangi ya zambarau. Sauti yenyewe itakwambia: mchachariko wa mafuta unakufa, unabaki mtokoto mzito. Rudisha yote sufuriani kwa dakika 20. Wanga uliotoka kwenye punje zilizopondwa utaufanya mchuzi ushike kijiko. Kutia unga wa ngano hapa ni uvivu tu.

Onja punje tatu, si moja. Zote zikibonyea kwa ulimi, ndipo utie siki vijiko 2 vya chakula na sukari kijiko kimoja cha chai. Sukari haiji kuleta utamu, inakuja kupoza ukali wa siki. Dakika 10 nyingine, epua, kisha nyunyiza mafuta ya zeituni mabichi juu.

Maharage ya jana yake huitwa dormidos, yaani yaliyolala. Nasi tunasema chakula kilicholala, ila kwetu mara nyingi ni kwa kununa. Kwao kiporo hiki ni cha kukusudia: wanga hukaza mchuzi ukipoa, siki na binzari huzama ndani ya punje. Kwa joto la Dar es Salaam, yalalie kwenye friji.

Huliwa na wali mweupe. Mchele ukipikwa ndani ya mchuzi wenyewe, jina linakuwa Moros y Cristianos, Wamori na Wakristo. Mashariki ya kisiwa, kwa maharage mekundu, ni congrí.

Sufuria yangu ya pili nilikusudia ilale. Haikufika hata saa tatu usiku.