Typst na Sura ya Ubeti: Tathmini

Typst ni programu ya kupangia maandishi iliyoanzishwa na Laurenz Mädje na Martin Haug huko Berlin, ikatolewa kwa umma mnamo Machi 2023. Mwandishi huandika matini ya kawaida akaitia alama chache: nyota kwa herufi nzito, mstari wa chini kwa herufi za mlazo, alama ya usawa kwa vichwa vya habari. Kompyuta ndiyo hupanga ukurasa. Makala haya yanachunguza kama wepesi huo unaufaa uandishi wa Kiswahili.

Kwa upande wa insha na tasnifu, unafaa. LaTeX ya Leslie Lamport, iliyotoka katika miaka ya 1980, humtaka mwandishi ajifunze amri nyingi kabla ya kuupata ukurasa wake wa kwanza. Typst haimkalifishi hivyo. Aidha, faili yake ni matini tupu, nayo husomeka hata pasipokuwa na programu yenyewe.

Kwa upande wa ushairi, mambo ni mengine. Chukua mfano wa mwanafunzi wa Mjambere, Kisauni, anayenakili mashairi kutoka katika daftari la babu yake. Kila ubeti una mishororo minne, na kila mshororo una ukwapi na utao wa mizani minane minane. Akiiandika mishororo hiyo mmoja chini ya mwingine, Typst huiunganisha yote ikawa aya moja, kwani kwayo mwisho wa mstari ni nafasi tu. Akitenganisha ukwapi na utao kwa nyota, utao wa mshororo wa kwanza na ukwapi wa mshororo wa pili hutoka kwa herufi nzito. Vina vingali vinasikika, lakini havionekani tena mahali pake.

Kasoro hii si ndogo. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa zilihifadhiwa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor, kisha zikachapishwa na William Hichens mwaka 1940. Urithi huo umesalia kwa kunakiliwa, na mnakili asiye na chombo cha kufaa huweza kuuharibu pasipo kukusudia.

Hata hivyo, dawa imo ndani ya Typst yenyewe. Mkwaju uliolalia kushoto, ukitiwa mwishoni mwa kila mshororo, huuhifadhi mstari. Bora zaidi, mwandishi aweza kujitungia amri ya ubeti, ipangayo ukwapi na utao katika safu mbili, akaitumia katika diwani nzima. Markdown ya John Gruber, ya mwaka 2004, haina uwezo huo.

Kwa hiyo Typst yastahili kupokewa, ila si kama ilivyo. Hapana budi idara za Kiswahili zikubaliane kwanza juu ya amri moja ya ubeti, ziwape wanafunzi, ndipo kazi ya kunakili ianze.